Miche 500 na ukingo wa mawe: msichimbe mashimo bado

Swali: Sisi ni kikundi cha watu kumi na wanane wa Kimara na Mbezi, na kila mwaka tunapanda miti. Safari hii tumepewa miche 500 tukapande Morogoro Vijijini, kando ya kijito kinachoshuka kutoka Milima ya Uluguru kwenda Mto Ruvu, kwa kuwa maji tunayokunywa Dar yanatoka huko. Tulipoonyeshwa ni ukingo wa mawe mtupu, urefu wake kama mita 200. Mzee mmoja mwenyeji akatukataza: anasema pana vijani vinavyoota juu ya mawe hayo tu, na mto ukijaa vinafunikwa vyote. Sasa tumegawanyika. Hivyo vijani si mafuriko yatavimaliza vyenyewe? Tupande au tusipande? (Msomaji, Kimara, Dar es Salaam)

Jibu: Msipande kwenye mawe. Mzee huyo amewaokoa na kosa linalofanywa zaidi na watu wenye nia njema. Miche yenu ina mahali pake, na ni palepale kijijini, hatua chache juu ya mlipoonyeshwa, nitafika huko. Kwanza tulitazame hilo neno "mtupu", maana ndilo linalowapotosha.

Ukingo wa mawe unaosuguliwa na mto kila masika huonekana mtupu kwa mtu aliyesimama. Akichutama anaanza kuona: kijani chembamba kilichogandamana na jabali kama rangi iliyopakwa, nyasi ngumu kwenye ufa usioingia kidole, kichaka kilicholalia upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Hivyo havikusalia hapo kwa bahati. Vipo kwa sababu ya mafuriko.

Chukulia mto huo umeacha kujaa. Mwaka wa kwanza vumbi na majani makavu vinatulia kwenye nyufa. Miaka miwili mitatu, nyasi zimeshika, na mizizi yake inakamata udongo zaidi. Vinafuata vichaka, kisha mpera ulioletwa na ndege, kisha mti wa kivuli. Mimea midogo inayotaka jua kali, inayokua polepole na kuridhika na kijiko cha udongo, haina ubavu wa kushindana na hiyo. Msituni inakosa jua, na shambani inamezwa na nyasi. Inapata nafasi pale tu ambapo kila baada ya muda mto unapita na kung'oa wageni. Si kwamba mafuriko yanaipendelea mimea hiyo. Nayo yanaiumiza, ila wapinzani wake yanawaumiza zaidi.

Nguvu inayohusika si ndogo. Msukumo wa maji juu ya mmea huongezeka kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa maradufu, msukumo ni mara nne. Kwa mawe hesabu ni kali zaidi. Kwa kanuni ya siku nyingi ya wataalamu wa mito, kasi ikiwa maradufu, uzito wa jiwe kubwa kabisa linaloweza kusogezwa na mkondo huongezeka takribani mara 64. Ndiyo maana kijito mnachokivuka Septemba bila kulowa magoti, Aprili kinabingirisha mawe yasiyobebeka na mtu mmoja. Mche wa sentimita 40 uliopandwa Machi utakutana na mawe hayo ukiwa na mizizi ya wiki chache. Mingi itakwenda na maji. Michache itakayopona ndiyo yenye madhara makubwa, kwa kuwa itatia kivuli na kunasa tope. Tena ili kupata shimo la mche kwenye ukingo wa namna hiyo, lazima mng'oe mawe kwa mtaimbo na kukwangua nyufa, yaani mharibu makazi hata kabla ya kupanda.

Mimea inayoweza maisha haya wataalamu huiita reofaiti. Tuseme mimea ya mkondo. Ina njia mbili za kusalimika.

Ya kwanza ni kupinda. Majani huwa membamba na marefu, mashina hunyumbulika hadi kulala juu ya jiwe, mizizi hujipenyeza kwenye ufa na kunenepa humo hata isichomoke. Katika mito mingi ya Afrika mti Breonadia salicina, wa jamii moja na mbuni, yaani mti wa kahawa, husimama katikati ya mawe ya maporomoko kwa staili hiyo. Ukiona ukingoni mimea ya jamii tatu nne tofauti, zote zina majani membamba yanayofanana, jua hapo mkondo umechagua.

Ya pili ni kuganda, na hapa kuna familia inayostahili kukaliwa kitako: Podostemaceae. Ina spishi takribani 300 duniani, karibu zote za nchi za joto, na huota juu ya miamba ya maporomoko na mikondo ya kasi. Ni mimea ya maua, lakini imeacha sura ya mmea tunayoijua. Mingi haina shina na jani vinavyotofautiana vizuri. Mwili wake ni utando au nyuzi zilizoshikamana na mwamba, hivi kwamba mpita njia husema ni mwani au utelezi tu. Haishiki udongo, maana hakuna udongo; inashika jiwe kwa gundi, ikisaidiwa na utando wa vijidudu.

Mwaka wake hugeuza kalenda ya mkulima. Wakati wa mvua, ikiwa chini ya maji, ndipo inapokua. Kiangazi maji yakishuka na mwamba kuchomoza, inatoa maua kwa haraka, inazaa, inakauka, inakufa au kubaki ukoko mweusi. Mbegu ni ndogo kama vumbi. Zikiloa zinatoa utelezi unaonata, kisha zikikauka zinagandishwa juu ya jiwe, zikingoja maji ya msimu unaofuata. Kwa hiyo mmea huu unadai vitu viwili kwa mto mmoja: maji mengi yenye kasi msimu huu, na mwamba mkavu msimu ule. Ukiuondolea kimojawapo, umeufuta.

Spishi nyingine za familia hii zimeenea mno. Tristicha trifaria hupatikana Afrika, Madagaska na hata Amerika. Lakini nyingi zinajulikana kwenye mto mmoja tu, pengine poromoko moja. Pamoja nazo huweza kuota Hydrostachys, jenasi ya Afrika na Madagaska inayofanana kwa mbali na manyoya marefu yanayochezea majini. Haina undugu wa karibu na Podostemaceae, ila maisha yamewafananisha.

Mkikwea kutoka majini kuelekea msituni mtakuta ngazi, hata kama hazionekani mara moja. Mwamba unaozama miezi mingi ni wa hao wanaoganda. Juu yake, kwenye mawe na nyufa zinazofunikwa masika na vuli tu, ni vichaka vinavyopinda, ndago za mawe na nyasi za mizizi migumu. Juu zaidi kuna sehemu inayofikiwa na mafuriko makubwa tu, ya kila baada ya miaka kadhaa. Hapo huwa na nyasi fupi, mimea ya maua ya jua, na miti michanga iliyodumaa yenye makovu upande wa kule maji yanakotoka. Ngazi hii ya tatu ndiyo watu huidharau zaidi, kwa sababu inafanana na kichaka kilichoharibiwa. Kumbe mara nyingi ndimo vinamokaa vitu adimu, na ndiyo wapanda miti huichagua kwa kuwa inaingia jembe.

Ni muhimu pia kujua kwamba kiasi cha mafuriko ni suala nyeti. Mfano ulioandikwa vizuri uko mbali sana na Morogoro, kwenye Mto St. John kati ya Maine, Marekani, na Kanada. Huko kuna mmea uitwao Pedicularis furbishiae, uliotambuliwa na Kate Furbish mwaka 1880, usiopatikana popote pengine isipokuwa kingo za mto huo. Kazi inayofanywa na maji na mawe kwetu, kule hufanywa na mabamba ya barafu yanayokwangua ukingo majira ya baridi yakiisha. Ukingo usipokwanguliwa kwa miaka mingi, vichaka vinaufunika mmea. Ukikwanguliwa kila mwaka, hauwahi kukomaa na kuzaa. Ulidhaniwa umetoweka hadi ulipoonekana tena mwaka 1976, wakati wa ukaguzi wa mradi wa bwawa. Bwawa lile halikujengwa, kwa sababu nyingi, mmea huo ukiwa mojawapo.

Kwingine mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 2022 wanabotania walitoa maelezo ya kwanza ya kisayansi ya Saxicolella deniseae, mmoja wa Podostemaceae, kutoka maporomoko ya Mto Konkouré nchini Guinea. Wakati unapewa jina, maporomoko hayo yalikuwa yamekwisha zamishwa na bwawa la umeme. Maji hayakupungua pale, yaliongezeka. Kilichoondoka ni kasi. Mtu anayesema "lakini mmea si bado uko majini?" hajaelewa kwamba kwa mimea hii maji yaliyotulia ni kaburi.

Kwetu fundisho kubwa ni korongo la Kihansi, kwenye mteremko wa Milima ya Udzungwa. Mimea ya pale ilitegemea manyunyu ya maporomoko zaidi ya mafuriko, kwa hiyo si kitu kilekile, lakini kisa ni ndugu. Chura wa Kihansi, Nectophrynoides asperginis, aligunduliwa mwaka 1996 kwenye vijiuga vyenye unyevu ambavyo jumla yake ilikuwa kama hekta mbili. Kituo cha umeme cha megawati 180 kilipochepusha takribani asilimia 90 ya maji kufikia mwaka 2000, manyunyu yalikatika. Watu humkumbuka chura, na ni haki: alitangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini, akaanza kurudishwa mwaka 2012. Wachache hukumbuka majani. Vijiuga vile vilitawaliwa na Selaginella kraussiana, mmea laini unaotambaa. Manyunyu yalipokatika, mimea ya unyevu ilirudi nyuma na magugu ya nchi kavu yakaingia, ikabidi yafungwe mabomba ya kunyunyizia. Katika korongo hilohilo ilitambuliwa pia spishi ya mbuni mwitu, Coffea kihansiensis, iliyopewa jina mwaka 2004. Mahali padogo namna ile palibeba yote hayo, na kabla ya uchunguzi wa mradi pasingetajwa kwenye ramani yoyote.

Sasa, sisemi kwamba ukingo wenu wa mita 200 ni Kihansi nyingine. Kingo nyingi za mawe zina mimea ya kawaida tu. Ninachosema ni kwamba hamjui, na kujua hakuhitaji fedha nyingi: wikendi moja ndefu, watu kumi na wanane mlionao, na vifaa vinavyopatikana kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi.

Nendeni mwisho wa kiangazi, Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, kabla ya vuli. Hili msilipuuze. Mkienda Mei mtaona maji ya tope. Mkienda Novemba maua ya mimea ya mwamba yameshakwisha, na bila ua au tunda Podostemaceae haitambuliki hata na bingwa.

Tengenezeni fremu ya mraba: vipande vinne vya bomba la PVC la nusu inchi na elbo nne, upande wa ndani uwe mita moja kamili. Msitie gundi, ili ifunguke na kuingia kwenye basi. Toboeni matundu kila sentimita 20, mpitishe uzi wa nailoni uvuke pande zote. Mtapata vyumba 25, na kila chumba ni asilimia 4 ya eneo. Kukadiria "mmea huu umefunika vyumba vitatu na nusu" ni kazi anayoiweza mtu yeyote. Kukadiria "asilimia 14" kwa macho matupu ni kubahatisha.

Mistari ya kupimia ikate ukingo kutoka majini hadi kwenye mizizi ya miti ya kwanza. Kwa mita 200, mistari 10 inatosha, mmoja kila mita 20. Pa kuanzia msipachague kwa macho: andikeni namba 0 hadi 19 kwenye vikaratasi, mchore kimoja, hiyo ndiyo mita ya mstari wa kwanza. Hatua hii wengi huiruka, wakaishia kuweka fremu penye maua mazuri, kisha takwimu zao zikasema ukingo mzima ni bustani.

Kwenye mstari, msiweke fremu kwa umbali wa ardhini. Ziwekeni kwa kimo, moja kila sentimita 50 za kupanda juu. Mmea wa mkondo haujui uko mita ngapi kutoka majini, unachokijua ni mara ngapi unazama. Kupima kimo tumieni mpira mwangavu wa pimamaji, ule wa mafundi ujenzi, wenye urefu wa mita 15. Jazeni maji, mtu mmoja ashike ncha kwenye alama ya sifuri, mwingine kwenye fremu. Tofauti ya usomaji wa rula mbili ndiyo tofauti ya kimo. Kosa linaloharibu kila kitu ni kiputo cha hewa ndani ya mpira. Kabla ya kila usomaji unganisheni ncha mbili pamoja: maji yasipolingana, kuna hewa, upigeni mpira kwa vidole hadi itoke. Alama ya sifuri iwe kwenye mwamba imara juu kabisa, ipigwe picha kutoka pande mbili. Msipake rangi kwenye mawe ya chini. Mpime pia usawa wa maji wa siku hiyo, na tarehe muiandike. Bila hivyo anayekuja mwakani hana cha kulinganisha.

Katika kila fremu andikeni sehemu ya mwamba mtupu, ya changarawe, ya mchanga na ya udongo, kisha kila aina ya mmea na ulivyofunika. Usiyeujua upe jina la muda, "jani-uzi 1", "ndago nyekundu", na namba ya picha. Picha ni tano kwa kila aina: mmea mzima na mahali ulipo, jani juu na chini, ua, tunda, na pale unaposhika jiwe, rula ikionekana kwenye zote. Hiyo ya mwisho husahauliwa, nayo kwa mimea ya mwamba ndiyo yenye habari.

Kuchukua sampuli ni jambo jingine, na hapa muwe wagumu wa mikono. Kama aina haifiki mimea 20 mliyoihesabu, msichukue hata mmoja, picha zinatosha. Kama ipo ya kutosha, mmoja kwa kila ishirini. Mimea ya kawaida ibaneni kwenye magazeti yanayobadilishwa kila siku hadi ikauke. Podostemaceae haikubali hivyo: inakatika vipande. Ikwanguliwe kwa kisu butu pamoja na ganda la jiwe, iingie kwenye kichupa cha spiriti ya asilimia 70, na karatasi iliyoandikwa kwa penseli iwe ndani ya kichupa. Wino utayeyuka, na lebo ya nje itabanduka kabla hamjafika Chalinze. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, na Hebaria ya Taifa iko Arusha. Ongeeni nao kabla ya kuondoka, wawaambie wanachokipokea na kibali gani kinahitajika. Serikali ya kijiji ijue na iandike. Ukingo ukiwa ndani ya hifadhi ya msitu, ruhusa ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, ni lazima, na kazi ikiwa ni utafiti rasmi kuna kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Mkipakia picha mtandaoni, ficheni mahali halisi; mmea adimu wenye ramani hufuatwa na wachimbaji.

Historia ya mafuriko nayo ipo maweni, haihitaji mtambo. Tafuteni takataka zilizonasa kwenye matawi, magome yaliyochubuka upande wa juu wa mto, na mstari ambapo likeni, yale madoa ya kijivu na njano juu ya jiwe, zinaanza. Chini ya mstari huo mwamba husuguliwa mara kwa mara mno zisipate kukua. Kisha mrudieni yule mzee. Muulizeni maji ya El Niño ya 1997/98 yalifika wapi, mpime kimo cha jiwe atakaloonyesha. Wazee wa kandokando ya mito hukumbuka kwa jiwe na kwa mti, na kumbukumbu ya namna hiyo ni bora kuliko makisio ya mita kutoka kwa kijana mwenye simu. Rekodi za kina cha maji za mito mikubwa huwekwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu.

Usalama, kwa kifupi kwa sababu hauna mjadala: mvua ikinyesha milimani juu yenu, tokeni ukingoni hata kama kwenu jua linawaka, maji yakibadilika rangi au kuleta majani mabichi, tokeni mkikimbia. Maji yaliyotulia pembeni yana kichocho. Mamba na kiboko waulizwe wenyeji, si intaneti.

Mkimaliza, namna ya kusoma matokeo. Msitazame idadi ya aina. Ukingo wenye aina nane tu, tano kati yake zisizoonekana kwenye shamba wala msitu wa karibu, ni wa thamani kuliko wenye aina arobaini za magugu ya njiani. Tazameni kama mimea inabadilika kwa kimo. Ikiwa fremu za sentimita 0 hadi 100 juu ya maji ya siku hiyo zina mimea yake, za mita 1 hadi 2 zina yake, na inakatika kwa mpangilio huohuo kwenye mistari mingi, hiyo ni jamii iliyochongwa na mafuriko. Ikiwa mchanganyiko ni uleule kutoka chini hadi juu, na umejaa vichaka vamizi vya Lantana camara na Mimosa pigra pamoja na mipera, ama mafuriko yamepungua ama ukingo umekanyagwa mno.

Na miche 500? Pimeni juu ya mstari wa mafuriko makubwa kabisa, pale udongo unapoanza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu ukingo ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na aghalabu eneo hilo ndilo limelimwa hadi mwisho. Mkipanda kwa nafasi ya mita 4 kwa 4, safu 10 za miche 50, mnapata mkanda wa mita 200 kwa 40, karibu ekari mbili, sambamba kabisa na ukingo wenu. Hapo kila mti unafanya kazi mliyoitaka: unazuia udongo wa shamba kushuka. Huo udongo ni adui wa mimea ya mwamba kuliko mafuriko yenyewe, maana tope likitanda juu ya jabali mbegu hazipati pa kunata, na mbolea inayoshuka nalo hulisha mwani unaofunika kila kitu.

Lakini mkanda huo una wenyewe. Kama kuna mahindi ya mtu, sheria iko upande wenu na bado mtashindwa msipokaa naye chini. Jambo hilo lipite kwa mtendaji na liingie kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji, si kwa kikundi kutoka mjini kufika na lori la miche Jumamosi asubuhi.

Angalieni pia mmepewa miche gani. Mkaratusi usiukubali karibu na mto, unakunywa sana. Mjohoro na mgrivea ni ya mbao na kuni, ipelekwe shuleni au mipakani mwa mashamba. Kwa ukingo wa udongo ombeni mkuyu, mzambarau mwitu, mkangazi, na mivule michache. Shimo liwe sentimita 40 kwa 40, udongo wa juu uwekwe kando na urudi kwanza. Kiriba kichanwe na kutolewa chote: mche uliopandwa na nailoni yake huishi miaka miwili, mizizi ikizunguka kama uzi kwenye kijiti, kisha hufa wakati wafadhili wameshapiga picha na kuondoka. Pandeni mvua ikiwa imeshalowesha udongo sentimita 30 kwenda chini, mpalilie nusu mita kuzunguka kila mche, na mtenge miche 75 ya kujazia itakayokufa. Yaani mkanda wa kwanza uwe wa miche 425, safu nane na nusu badala ya kumi.

Kwenye mawe kwenyewe kazi yenu ni kuondoa, si kuongeza. Lantana ing'olewe kwa mkono udongo ukiwa laini, na kishina chake chini ya ardhi kitoke. Ukikata juu tu unaipogolea. Mimosa pigra iondolewe kabla maganda hayajakomaa, kwa kuwa mbegu zake huelea na kusambaa na maji. Msichome moto. Takataka zote zipandishwe juu, zisitupwe mtoni. Kisha zungumzeni na wanaoponda kokoto, kama wapo: jiwe lililotoka kwenye mwamba halirudi, na mmea uliokuwa juu yake unaishia kwenye zege la nyumba ya mtu. Wanaofua wasifukuzwe, ombeni wachague jiwe moja au mawili ya kufulia, upande wa chini wa mkondo, mengine yapumzike.

Mmoja wenu bila shaka atauliza kwa nini basi msifanye hivi Msimbazi, karibu na nyumbani. Msimbazi unajaa kweli, lakini unapopita mjini kingo zake ni mchanga na tope, na kila mafuriko huleta udongo mpya badala ya kuusafisha. Mafuriko peke yake hayatoshi. Lazima chini pawe na mwamba usiosogea. Huko pandeni matete na miti bila wasiwasi huu.

Kama kuna mpango wa kuchukua maji juu ya ukingo wenu, iwe tangi la kijiji au mtambo mdogo wa umeme, fremu zenu zifike mezani kabla ya tathmini ya athari kwa mazingira kukamilika. Swali la kuuliza si "mtaacha maji kiasi gani?" pekee. Ulizeni pia: mtaacha yajae mwezi gani, na mtaacha yashuke lini? Mto unaotiririka kiasi kilekile mwaka mzima hupendeza kwenye ripoti, lakini Podostemaceae haitatoa ua hata moja. Mtambo unaofungua maji jioni na kuyafunga usiku ni mbaya zaidi, kwa kuwa ua lililochomoza asubuhi linazamishwa kabla halijazaa.

Kwa sasa miche iwekeni kitaluni chini ya kivuli cha nusu jua, muinyweshe, na kila wiki sita muinue viriba ili mizizi isitoboe na kushika ardhi. Itangoja hadi Machi bila shida. Safari ya kwanza iwe ya Septemba, mkiwa na fremu, mpira wa pimamaji na magazeti, na yule mzee awe wa kwanza kupigiwa simu.